Muhuri Ulio Chini ya Kiti

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona ukurasa huu, ambao wamezoea kusoma ndani yake mambo ya malezi na ya nyumba, leo unazungumza khabari za viti na makabati ya zamani. Watasema: "Hivi ni vitu vya kukalia na kuwekea vyombo tu, vina nini cha kuandikiwa?" Twawaomba watuvumilie kidogo. Kiti ni kitu kidogo, lakini katika kukinunua na kukiuza huonekana mambo makubwa ya mtu: jicho lake, ulimi wake, na namna anavyomtendea yule asiyejua anachokijua yeye. Sisi tumejifunza hayo kwa viti viwili, na aliyetufundisha alikuwa mtoto wa miaka 14.

Tunakaa High Wycombe, mji ulio kaskazini-magharibi ya London, na imepita miaka zaidi ya 30 tangu tulipohamia hapa kutoka Mombasa. Tulipofika hatukujua kuwa tumekuja kukaa katika mji wa viti. Vilima vya Chiltern vinavyouzunguka vina misitu mingi, na zamani wakereza walifanya kazi humo humo msituni, wakikata miti na kukereza miguu ya viti, kisha wakiileta mjini ikaunganishwe. Baadaye vikajengwa viwanda, na mji ukapata sifa katika Uingereza nzima. Mpaka leo timu yake ya mpira huitwa kwa utani "Vijana wa Viti".

Nyumbani kwa baba yetu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na viti viwili vya mvule. Fundi aliyevitengeneza alifuata picha aliyoiona katika gazeti moja la Ulaya: miguu myembamba iliyotanuka kwa nje, mgongo uliolala kidogo, na mikono iliyolainishwa hata ikawa haina pembe. Baba alikuwa akikaa katika kimoja baada ya sala ya Alasiri, na cha pili kilikuwa cha mgeni. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukikalia. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, vyombo vya nyumba viliuzwa kwa haraka, na viti vile vikaenda pamoja navyo. Hakuna katika sisi aliyejua vimekwenda kwa nani wala kwa thamani gani. Miaka mingi baadaye, tukipita mbele ya duka moja la vitu vilivyotumika hapa Wycombe, tukaona dirishani kiti kinachofanana navyo kama pacha. Tukasimama pale mpaka mvua ikatulowesha. Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wetu wa kukusanya.

Ni samani gani basi hizi? Ni zile zilizotengenezwa, kwa kukisia, tangu mwisho wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1945, mpaka miaka ya mwisho ya 1960, hasa katika Denmark na nchi za jirani yake, Marekani, Italia na Uingereza. Wapenzi wake huziita samani za kisasa za katikati ya karne, na jina hilo lilienea baada ya mwandishi wa Marekani, Cara Greenberg, kulifanya jina la kitabu chake mwaka 1984. Mafundi waliozitengeneza hawakulijua jina hilo. Wao walijua shida ya wakati wao. Vita vilikuwa vimekula mbao na majumba. Hapa Uingereza serikali iliweka mpango wa samani za dharura, zenye vipimo na mitindo iliyokubaliwa tu, na mpango huo haukuondolewa ila mwaka 1952. Watu walipopata nyumba mpya, zilikuwa ndogo, wakataka vyombo vyepesi visivyojaza chumba. Na mafundi nao walikuwa wamejifunza jambo vitani: viwanda vya samani vya Wycombe vilitengeneza sehemu za ndege iitwayo Mosquito, iliyoundwa kwa mbao, na ujuzi wa kukunja na kugandisha mbao nyembamba ukabaki mikononi mwao.

Katika mji huu Lucian Ercolani, aliyezaliwa Italia na kuanzisha kiwanda chake hapa mwaka 1920, alipewa na serikali mwaka 1944 kazi ya kutengeneza viti 100,000 vya bei nafuu. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kizazi kizima cha viti vya Ercol, vyenye vikalio vya mti uitwao elmi, ambao mafundi wengi waliukimbia kwa kuwa hupinda ukikauka. Nayo kampuni ya E. Gomme, ya mji huu huu, ilianza mwaka 1953 kuuza samani za G-Plan, ambazo mtu aliweza kuzinunua moja moja kadiri ya uwezo wake, pasipo kulazimika kubeba seti nzima kwa mara moja. Vyombo hivyo vikaingia katika nyumba za watu wa kawaida, wakavitumia, wakavichoka, wakavitupa. Na leo wajukuu wao wanavitafuta kwa taa.

Somo letu la kwanza tulililipia fedha. Katika soko moja mchuuzi alituonyesha viti vinne vya Ercol, akavigeuza, akaweka kidole juu ya alama iliyopigwa chini yake, yenye nambari 1960. "Someni wenyewe," akasema, "mwaka umeandikwa." Tukasoma, tukaamini, tukatoa pauni 320 bila ya kubishana. Baada ya miezi kadha mtu mwenye ujuzi alitutembelea, akaviona, akacheka kidogo, akatueleza kuwa 1960 ile si mwaka. Ni nambari ya kanuni ya Uingereza ya kupimia uimara wa samani, na viti vilivyotengenezwa miaka mingi baada ya 1960 vinayo vile vile. Vyetu vilikuwa vya miaka kumi na zaidi baadaye, na nusu ya bei ile ingetosha. Tulisadiki kuwa yule mchuuzi alijua, na kwa muda mrefu tulikuwa tukimtaja kwa ubaya kila tulipokalia viti vile. Tulisema mbele ya watoto na wajukuu: "Mtu gani huyu, anamwona mwenziwe hajui, naye ananyamaza na kupokea fedha?" Maneno hayo twawaomba wasomaji wayaweke akilini, maana yatarudi.

Tangu siku hiyo tuliazimia kujifunza, na haya machache tunayaandika kwa faida ya vijana wanaopenda vitu vya namna hii.

La kwanza: usikitazame kiti usoni, kigeuze. Juu watu hupaka vanishi na kung'arisha, chini husahau. Chini ndiko kunakobaki vumbi la miaka, rangi ya asili ya ubao, karatasi ya kiwanda, muhuri wa moto au kisahani cha chuma. Lakini alama peke yake haitoshi. Karatasi huweza kubandikwa na mwongo, na nambari huweza kusomwa vibaya na mkweli, kama tulivyoisoma sisi. Alama ni shahidi mmoja, na mwenye busara huita na mashahidi wengine.

La pili: tazama viungo. Vuta saraka ya kabati uangalie pembe zake. Fundi mzuri alizifungamanisha kwa meno yanayoumana, si kwa misumari peke yake. Tikisa kiti kwa upole usikilize. Kiungo kilichoachana hulia, na kilichojazwa gundi nyingi kwa nje kinaficha jambo. Tazama pia skrubu. Zile zenye mfuo mmoja kichwani zilikuwa za kawaida katika miaka ile. Ukikuta nyingi zenye mifuo miwili iliyopandana, uliza kama kiti kimefunguliwa na kuungwa upya.

La tatu: ujue ubao. Wengi hudhani kuwa ubao mwembamba uliobandikwa juu ya ubao mwingine ni udanganyifu. Sivyo. Makabati mengi mazuri, ya Denmark na ya Wycombe, yalitengenezwa hivyo, kwa sababu ubao uliobandikwa haupindi upesi, na mti wa thamani huenea zaidi. Ili kujua, fuata mishipa ya ubao kutoka juu mpaka kwenye ukingo. Ikikatika ghafla na kuanza mingine, ubao umebandikwa. Faida ya kujua hayo ni kwamba ubao wa namna hiyo hauvumilii msasa. Sisi tulikuwa na meza ndogo iliyoingia doa la kikombe cha chai. Tukachukua mashine ya msasa, na kabla ya dakika tano tukawa tumefika kwenye ubao wa chini, mweupe kama mfupa. Meza ile tunayo mpaka leo, imefunikwa kitambaa, na kila tunapokifua kitambaa hicho tunaikumbuka haraka yetu.

La nne: soma uchakavu. Kiti kilichokaliwa miaka 60 huchakaa pale mtu anapokigusa: katika ncha za mikono, katika ukingo wa mbele wa kikalio, na katika nyayo za miguu. Kilichochakaa pote sawasawa, au kisichochakaa popote, kina la kueleza.

Na kabla hatujapita, kuna mawili ambayo mwenye nyumba hana udhuru wa kutoyajua. Sponji za miaka ile huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu. Mwaka 1979 duka moja kubwa la Manchester liliungua, moto ukiwa umeshika katika samani zenye sponji, wakafa watu 10. Na mwaka 1988 ikatolewa hapa Uingereza sheria ya kuzuia samani zinazowaka kwa wepesi. Basi anayenunua kiti cha mwaka 1955 au 1965 na kukiweka nyumbani penye watoto, abadilishe sponji na kitambaa chake kwanza. Fedha hiyo si ya kuionea uchungu. La pili ni mti. Baadhi ya makabati yalitengenezwa kwa rozwudi ya Brazil, ubao mzuri mno wenye mishipa myeusi. Mti huo, tangu 1992, umewekwa katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo katika hatari ya kutoweka, na samani zake haziuzwi ovyo pasipo kibali.

Sasa tuingie katika khabari ya viti vyetu viwili, navyo vilikuwa vya msaji, ambao wengine huuita mtiki. Mti huu si mgeni kwetu watu wa pwani. Wazee wetu waliujua katika majahazi na katika milango ya majumba makubwa, ukiletwa kutoka Malabar. Kwa mafundi wa viwandani ulikuwa na taabu yake: ndani yake mna chembe ngumu mfano wa mchanga, nazo hufubaza meno ya msumeno. Mwingereza mmoja, Charles France, aliyekuwa na kiwanda Denmark, alitumia misumeno yenye meno ya madini magumu mno, akaweza kuupasua msaji kwa wingi, akatengeneza viti vinavyofunguliwa vipande na kupakiwa katika masanduku kwenda nchi za mbali. Kiwanda kiliitwa France & Daverkosen; mwaka 1957 kikaitwa France & Søn; na katika miaka ya 1960 kikanunuliwa na mtu mwingine, jina likabadilika tena. Kwa hiyo kisahani kidogo cha chuma kilichopigiliwa chini ya viti vyake humwambia mjuzi umri wake kwa kukaribia. Miongoni mwa waliochora viti kwa ajili ya kiwanda hicho alikuwa Finn Juhl, yule yule aliyepanga ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, uliomalizika mwaka 1952. Baraza hilo ndilo alilolihutubia Julius Nyerere mwezi wa Machi 1955 kuitetea Tanganyika.

Jirani yetu mmoja, bibi wa Kiingereza aliyepita miaka 80 na aliyefiwa na mumewe, alikuwa akihama kwenda kukaa karibu na binti yake, katika nyumba ya chumba kimoja. Siku moja alibisha mlango wetu, akasema kuwa ana viti viwili visivyokuwa na pa kuwekwa, na kwamba amesikia sisi tunapenda viti. Tukaenda na mjukuu wetu atusaidie kubeba. Alitupa chai, akatuuliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja. Viti vilikuwa sebuleni, vimetandikwa mablanketi. Tulipoingiza mkono chini ya kimoja, kama ilivyo desturi yetu, ncha ya kidole ikagusa kitu cha duara, cha baridi. Tulijua kabla ya kuona. Mjukuu wetu, ambaye tulimfundisha sisi wenyewe, akainama, akasoma, akainua uso kututazama, macho yamemtoka. Tukamkonyeza anyamaze.

Bibi akasema: "Pauni 40 kwa vyote viwili. Je, ni nyingi?" Tukajibu kuwa si nyingi. Tukampa pauni 40, akatushukuru, tukavibeba.

Jawabu letu halikuwa la uongo. Pauni 40 hakika hazikuwa nyingi. Lakini kuna kweli inayosemwa ili kuifunika kweli nyingine, na hiyo ndiyo tuliyoisema.

Jioni ile tuliviweka viti katikati ya chumba, tukavizunguka kama watu wanaozunguka gari jipya. Tulijua kuwa jozi mfano wa ile ingeweza kukaribia pauni 2,000 mnadani. Tukawakataza watoto wasivikalie. Mjukuu wetu hakukaa. Alisimama mlangoni, akauliza kwa adabu, bila ya kututazama: "Babu, yule mchuuzi wa viti vya 1960, ulisema alikuwa mtu wa namna gani?"

Bibi yake alikuwa akipakua chakula. Akatulia, mwiko mkononi, akingoja naye kusikia jawabu. Hatukuwa na jawabu.

Usiku huo na uliofuata tulijitetea sana nafsini mwetu. Tulisema: Hatukumlazimisha mtu, bei aliitaja mwenyewe, ujuzi wetu tuliupata kwa taabu na kwa hasara, basi kwa nini usiturudishie hasara yetu? Hoja hizi si za mzaha. Biashara ya vitu vya zamani inasimama juu yake, na mtu akutanaye sokoni na mfanyabiashara mwenziwe haoni haya kuutumia ujuzi wake, kwani kila mmoja amekuja akijua kuwa amekuja kupimana na mwingine. Lakini yule bibi hakuwa sokoni. Alikuwa nyumbani kwake, na alituita kwa sababu ni majirani zake, akatupa na chai.

Tukakumbuka jambo tulilosomeshwa tulipokuwa watoto: kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye misafara na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakajua bei, na wanazuoni wakaeleza kuwa aliyeuza namna hiyo, akifika sokoni akaona amepunjwa, ana khiyari ya kuyavunja mauzo. Utotoni tulilisoma jambo hilo kama khabari za ngamia na jangwa, mambo ya watu wa kale. Kumbe msafara waweza kuwa bibi mmoja mwenye viti viwili, na nje ya mji paweza kuwa sebule yake.

Siku ya tatu tukarudi kwake, na mjukuu wetu tukamchukua. Hatukumchukua ili atuone tukitenda wema. Tulimchukua kwa sababu alituona tukitenda kinyume chake. Tukamweleza bibi jina la kiwanda, maana ya kile kisahani, na bei ambayo viti vyake vyaweza kufika. Tukamwambia kuwa hiyari ni yake: akipenda virudi, au tuviuze mnadani kwa jina lake.

Alikaa kimya kwa muda. Hakuuliza khabari ya fedha. Aliuliza: "Mlijua siku ile mlipokuwa hapa?"

Hilo ndilo swali tulilokuwa tukiomba njiani asituulize. Tukajibu kuwa tulijua. Akamtazama mjukuu wetu, akasema: "Na wewe ulijua." Mtoto akainamisha kichwa. Wallahi hatujapata kuona haya mfano wa haya ya saa ile, kumwona mtoto anainama kwa kosa tulilolitenda sisi.

Kisha akatusimulia. Mumewe alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha viti hapa hapa Wycombe. Mwaka walipooana, 1961, alivinunua viti vile kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, na wenziwe wa kazini wakamcheka: mtengenezaji wa viti anakwenda kununua viti vya wageni! Alivinunua kwa sababu alitaka kuona vimeunganishwaje. Usiku wa kwanza alivifungua vipande vipande juu ya zulia, mkewe akimshikia taa, na alipomaliza kuvirudisha alisema neno moja tu, kwamba aliyevitengeneza hakuwa na haraka. Yule bibi hakujua bei ya viti vyake, lakini alivijua kuliko sisi. Tulikuwa tumesoma kisahani tu.

"Mnavikalia?" akauliza. Tukasema hapana, tumewakataza watoto. Akatikisa kichwa. Akasema kuwa mumewe asingefurahi kusikia hayo. Alivikalia kila siku kwa zaidi ya miaka 50.

Akaamua yeye mwenyewe, nasi tukasikiliza. Kimoja kiuzwe, fedha zimsaidie katika kuhama kwake. Cha pili tukae nacho, kwa sharti la kukikalia. Tulimwonya kuwa dalali atasema jozi huuzwa kwa bei kubwa zaidi kuliko viti viwili vilivyotenganishwa. Akajibu kuwa analijua hilo. Kiti kilipouzwa kilileta pauni 720, na baada ya dalali kuchukua ujira wake, zilizobaki tukampelekea. Naye akafungua mkoba, akatoa pauni 20, akatukabidhi. "Hizi ni za kile kilichouzwa," akasema. "Cha pili mmekwisha kukilipia." Tukataka kukataa, lakini tulipomtazama usoni tukanyamaza na kupokea. Mara ya kwanza alituuzia kiti kwa pauni 20 asijue thamani yake. Mara hii alituuzia akijua.

Sasa amehama, nasi humpigia simu mara kwa mara. Huuliza hali ya watu wa nyumbani mmoja mmoja, kama zamani, kisha huuliza kama kiti kinakaliwa. Kinakaliwa. Tumekibadilisha sponji na kitambaa, na mikanda ya mpira ya chini yake, iliyokuwa imekauka na kupasuka, imetiwa mipya. Mjukuu wetu hukikalia kila jioni akisoma masomo yake, na katika ncha ya mkono wa kulia ubao umeanza kung'aa kwa kiganja chake, karibu na pale ulipong'aa kwa kiganja cha mwenyewe wa kwanza.

Bado tunakusanya, kwani hatukuona kuwa dawa ya kosa ni kuacha kujua. Mjukuu wetu amekuwa hodari kutupita. Hutambua kiungo kwa kukipapasa tu, na katika duka la vitu vilivyotumika hukigeuza kiti kabla hatujavua koti. Lakini katika yale manne tuliyomfundisha tumeongeza la tano, na tunaliandika hapa kwa vijana wote wanaotusoma. Unapokuwa nyumbani mwa mtu na mkono wako ukagusa kisahani chini ya kiti chake, kwanza mwambie mwenyewe kilichoandikwa, kisha ndipo mzungumze bei. Huenda ukatoka mikono mitupu. Lakini mtoto aliyefuatana nawe hatakuwa na swali la kukuuliza jioni.

Mwenyezi Mungu atujaalie sote macho ya kujua na ndimi za kusema tunachokijua. Amin.